Baiti 446 za Mwanzo wa Diski

Kwa mafundi kompyuta wengi wa Moshi mjini, dawa ya kwanza ya laptop isiyowaka ni moja: "Hii tupige Windows upya." Flashi inachomekwa, diski inafutwa, na baada ya muda si mrefu mteja anaondoka na mashine inayowaka vizuri, ila tasnifu ya mwaka wa tatu, picha za kipaimara cha mdogo wake na hesabu za kikundi cha akiba cha Kibosho hazimo tena. Simlaumu fundi. Mteja ana haraka ya kuwahi gari la Marangu, na kupiga upya ni kazi ambayo mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Lakini kuna ubovu mmoja ambao haustahili kabisa dawa hiyo, nao ni ule wa laptop iliyokuwa na mifumo endeshi miwili, kisha mwenyewe akaufuta mmoja.

Ubovu huu una sababu ya kuongezeka sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na laptop nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11 kwa njia rasmi kwa sababu prosesa yake ni ya zamani au hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mwanafunzi wa chuo anashauriwa na mwenzake aweke Ubuntu au Linux Mint ubavuni mwa Windows. Anaweka, anajaribu, na wengine hawarudi nyuma tena. Mwingine anagundua kwamba programu yake ya uhasibu haikubali, basi anaingia upande wa Windows, anafungua sehemu ya kusimamia diski na kuifuta patisheni ya Linux ili arudishiwe gigabaiti zake. Windows haimwonyi chochote kuhusu kuwaka. Siku nzima mashine inafanya kazi. Anaizima usiku, na asubuhi anakuta kioo cheusi chenye mistari hii:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Kilichotokea kinaanzia pale kitufe cha kuwasha kinapobonyezwa. Kwenye mashine za mtindo wa zamani, programu ndogo iitwayo BIOS, iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, huamka kwanza. Hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha huenda kwenye diski na kusoma kipande cha kwanza kabisa, chenye baiti 512. Mpangilio huo ulikuja mwaka 1983, IBM ilipoanza kuuza kompyuta ndogo zenye diski ngumu. Katika baiti hizo, 446 ni za maelekezo ya kuanzia, 64 ni za orodha ya patisheni, zisizozidi nne, na mbili za mwisho ni alama ya utambulisho: 55 na AA. Baiti 446 hazijazi hata meseji tatu za simu. Hakuna mfumo endeshi unaoweza kuenea humo. Kinachoandikwa ni maelekezo ya kwenda kutafuta maelekezo zaidi.

Linux ilipowekwa, iliandika kianzishi chake kiitwacho GRUB juu ya kile cha Windows. GRUB haikai mahali pamoja. Chembe yake iko kwenye zile baiti 446. Kipande cha pili kimejibanza katika nafasi iliyo wazi kabla ya patisheni ya kwanza. Na sehemu kubwa, yaani menyu na moduli zake, imo ndani ya patisheni ya Linux yenyewe. Anayeijua mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga wameichimba mlimani tangu kabla ya ukoloni, ataona haraka kasoro iko wapi: banio liko juu msituni, shamba liko chini, na aliyefukia bwawa la katikati hakupanda kulifunga banio. Chembe ya GRUB haina habari kwamba patisheni imefutwa. Inaitafuta, inaikosa, na inasimama hapo hapo.

Hata ujumbe ule kuwa wa Kiingereza una sababu hiyo hiyo. Programu huria zimekuwa zikitafsiriwa kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini mafaili ya lugha ya GRUB hukaa pamoja na moduli zake, ndani ya patisheni iliyofutwa. Kilichobaki kinajua Kiingereza tu, tena kidogo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba patisheni ya Windows haikuguswa. Tasnifu ipo, picha zipo. Hata ya Linux, ilipofutwa, kilichoondolewa ni mstari wake katika orodha. Mafaili yake yamelala pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya bure ya TestDisk, iliyoandikwa na Christophe Grenier, mara nyingi huweza kuurudisha mstari huo. Kinachohitaji kutengenezwa ni baiti mia nne na ushei.

Kwa mashine ya BIOS, chukua flashi ya kusakinishia Windows, uliyoiandaa kwenye kompyuta nyingine, na uiwashe mashine kwa hiyo flashi. Ukurasa wa kwanza wa usakinishaji ukitokea, usiendelee mbele. Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Litafunguka dirisha jeusi la amri linaloanza na X:\. Andika:

bootrec /fixmbr

Jibu linakuja kufumba na kufumbua, likisema operesheni imekamilika. Amri hiyo huandika upya maelekezo ya kuanzia na kuiacha orodha ya patisheni kama ilivyo. Toa flashi, washa. Ikiwa Windows bado inagoma, rudi uongeze bootrec /rebuildbcd, inayoipekua diski kutafuta Windows na kuiandika kwenye kumbukumbu yake ya uanzishaji.

Laptop nyingi zilizotengenezwa baada ya Windows 8, yaani kuanzia 2012, hazitumii tena utaratibu huo. Zinatumia UEFI, na hapa bootrec /fixmbr haisaidii kitu, ingawa utakuta watu wakiirudia mara tano tano. UEFI haitegemei baiti 446. Inajua kusoma patisheni ndogo ya aina ya FAT32 ambamo kila mfumo endeshi una folda yake, na inatunza kwenye chipu ya mazabodi orodha ya nani aanze. Ukiifuta Linux, folda ya ubuntu hubaki kwenye patisheni ile ndogo, na jina lake hubaki juu ya orodha. Dalili yake ni tofauti kidogo: badala ya grub rescue> mara nyingi utaona grub> peke yake. Andika exit, bonyeza Enter, na kuna mashine zitakazoendelea zenyewe hadi Windows. Isipokuwa hivyo, izime, uiwashe huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague Windows Boot Manager. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya UEFI, uipandishe Windows juu ya orodha. Haihitaji flashi wala fundi.

Jina la Windows lisipoonekana kabisa, ndipo flashi inahitajika. Kwenye dirisha jeusi andika diskpart, kisha list volume, uitafute patisheni ndogo ya FAT32, ambayo kwa kawaida ni ya megabaiti mia moja hadi mia chache. Angalia usiichanganye na flashi yenyewe, maana nayo huwa FAT32. Ukubwa ndio utakaokuonyesha. Ichague kwa select volume na namba yake, ipe herufi kwa assign letter=S, toka kwa exit, halafu:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Mtego mmoja: ukiwa umewasha kwa flashi, herufi hubadilika, na Windows yako inaweza kuwa D au E. Andika dir C:\ uone kama folda ya Windows imo, kabla ya kutoa amri.

Kuna laptop ambazo diski yake imefungwa kwa BitLocker. Ukigusa utaratibu wa kuwaka, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine; utafutwe kabla, kwa simu, kwa sababu bila huo mafaili hayasomeki na hakuna fundi wa kuyafungua.

Na si kila kioo cheusi kina maana hii. Diski inayogonga tiki-tiki inakufa kweli. Hiyo haipewi amri yoyote, inanakiliwa kwanza. Diski za kuzunguka zina tabia ambayo waongoza watalii wa hapa wanapaswa kuijua: kichwa chake cha kusomea huelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha kuitumia karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyofikiwa na intaneti ya kasi Agosti 2022, iko mita 3,720. Laptop ya kupanda nayo huko iwe na SSD, diski isiyozunguka.

Kwa ambaye bado hajaifuta Linux yake, mpangilio wa kazi ni kinyume cha ule wanaoufuata wengi: kwanza ipandishe Windows juu ya orodha, au iandikie kianzishi chake, uzime na kuwasha uhakikishe inafika, kisha ndipo ufute patisheni. Betri iwe na chaji, maana umeme wa masika haukawii kukatika, na kukatizwa katikati ya kuhamisha patisheni huharibu kuliko GRUB ilivyowahi kuharibu.

Windows ikisharudi, tazama saa. Linux huiweka saa ya mazabodi kwa saa za dunia, Windows huisoma kana kwamba ni saa za hapa, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo saa nne asubuhi mashine inaweza kukuonyesha saa moja. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, uiamuru ijirekebishe kwa intaneti. Linux ikiwa imeondoka, haitapotoka tena.