‘Shangazi, Kichwa Kinawaka!’

JAMANI wasomaji wangu, leo nakuja na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo mkinicheka nitavumilia. Mimi ndiye shangazi mtu, na mimi ndiye niliyemuunguza kichwa mtoto wa kaka yangu.

Ilikuwa kuamkia Idi, hapa Kilwa Masoko. Kabinti kana miaka sita, nywele zake kipilipili cha kufa mtu, ukipitisha kitana meno yanakatika. Siku zote akiona chanuo anakimbilia uvunguni. Siku hiyo akanijia mwenyewe: “Shangazi, na mimi nataka nywele za kulala. Wenzangu wananiita pilipili manga.”

Roho ikaniuma. Badala ya kumwambia kichwa chake hakina kosa, nikajifanya mjuaji. Nilikuwa na kopo la dawa yangu limebaki, nikampaka. Nikajisemea dakika kumi tu, kesho mtoto anatoka bomba. Wapi bwana! Hata tano hazikufika, akaruka: “Shangazi, kichwa kinawaka!”

Mama weee! Nilimmwagia maji ndoo nzima, nikachota nyingine, lakini nyuma ya sikio ngozi ilishachubuka. Idi yote alishinda kajifunika ushungi, na wifi yangu hakunisemesha siku tatu. Alikuwa na haki.

Ndani ya kopo kuna nini?

Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, ile ile inayotengenezewa sabuni. Hata zile za boksi lenye picha ya mtoto anayecheka, nyingi zina kemikali ya jamii ya chokaa. Ukali wake ndio unaonyoosha unywele, na ukali huo huo unaunguza ngozi. Ngozi ya mtoto ni laini kuliko yako wewe uliyezoea.

Aliyeniokoa ni bibi yetu wa Kilwa Kivinje, ambaye mikono yake imesuka mikeka tangu usichana. Aliniuliza swali moja tu: “Mjukuu wangu, ukindu mkavu unasukika?” Nikasema hausukiki, unakatika, lazima uuloweshe. “Sasa wewe kichwa cha mtoto unakichana kikavu kwa nini?”

Nikabaki kimya. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Nywele za singa zimenyooka, mafuta ya kichwani yanateremka mpaka nchani bila taabu. Kipilipili kimejikunja, mafuta yanakwama njiani, ncha zinakauka, na ukivuta zinakatikia kwenye kona.

Fanya hivi

Osha mara moja kwa wiki au wiki mbili. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi na sabuni haitoki povu, suuzia ya mvua. Gawa kichwa mafungu manne. Nyunyiza maji, pakaa mafuta ya nazi kidogo, halafu fumua mafundo kwa vidole. Ndipo ushike chanuo la meno mapana, uanzie nchani ukipanda kwenda kwenye shina. Shika fungu karibu na ngozi ili mtoto asisikie kuvutwa. Haraka haraka hapa inaleta kilio.

Ukimaliza suka mabutu au twende kilioni, lakini usikaze. Msuko ukimvuta uso mpaka anashindwa kulala, fumua usiku huo huo. Nywele za pembeni ya paji la uso zikivutwa miaka na miaka zinanyonyoka, na nyingine hazirudi tena.

Ukiona mabaka ya duara yenye magamba na nywele zimekatika, hayo huenda ni mapunye. Usihangaike na mafuta ya taa. Mpeleke hospitali, maana ugonjwa umeingia kwenye shina na kwa kawaida anahitaji dawa ya kumeza. Chanuo lake asiazime mtu.

Najua mwakani akianza darasa la kwanza huenda akanyolewa, kama ilivyo desturi ya shule zetu nyingi za serikali. Sawa, zitaota. Lakini nataka siku zikiota azipende, asisubiri kopo kama nilivyosubiri mimi.

Nyuma ya sikio zimeanza kurudi. Siku hizi chanuo analileta mwenyewe, anakaa katikati ya magoti yangu kwenye mkeka. Ila kila mara kabla sijamgusa anageuka na kuuliza, “Shangazi, si dawa?” Nami lazima nimnusishe mafuta ya nazi kwanza ndipo atulie.

Kina shangazi mnaojiandaa na sikukuu, lile kopo liacheni huko huko kabatini. Tukutane wiki ijayo!