Sisimizi wa jikoni: Usikimbilie kuwapulizia dawa

Je, msomaji, umewahi kuona safu ya sisimizi wadogo wa rangi ya manjano wakielekea kwenye bakuli la sukari? Usikimbilie mkebe wa dawa ya kupulizia.

Huenda huyo ni sisimizi wa Farao. Ana urefu wa milimita 2 tu, lakini ameenea duniani kote akisafiri ndani ya shehena za bidhaa. Mwaka wa 1972, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa sisimizi hawa walibeba viini vya magonjwa katika hospitali za Uingereza. Miongoni mwa viini hivyo ni salmonella, ambayo husababisha kuhara.

Siri ya kuenea kwake ni maumbile yake. Kiota kimoja huwa na malkia wengi, nao hupandwa humo humo bila kuruka nje. Kiota kikisumbuliwa, wafanyakazi hubeba mayai na mabuu, wakahamia ufa mwingine na kuanza upya. Kwa hivyo, ukipulizia dawa utaua wachache unaowaona na kuwatawanya waliosalia.

Tumia chambo chenye sumu inayoua polepole, ili wafanyakazi waipeleke kiotani hadi kwa malkia. Kiweke mahali watoto hawafiki. Funika chakula, futa makombo na uzibe nyufa.

Ikiwa unaishi katika jengo la ghorofa, shirikiana na majirani. Ukipambana peke yako, sisimizi watahamia kwa jirani, kisha warudi kwako.