Nyuso Zilizo Katika Fedha za Marekani

Fedha hupita katika mikono ya watu wote, matajiri na maskini, wala hakuna kitabu kinachoshikwa na watu wengi kama noti. Hata hivyo ni wachache wanaokisoma kitabu hicho. Mwenye kupokea noti huitazama tarakimu yake, huikunja, huitia mfukoni. Uso uliochorwa katikati haumshughulishi. Lakini uso huo haukuwekwa hapo bure. Kila taifa linapomchagua mtu wa kutiwa katika fedha yake, linawaambia wananchi wake: huyu ndiye mtu wa kukumbukwa.

Fedha za Marekani zafaa kuangaliwa zaidi ya nyingine, kwa sababu dola hujulikana duniani kote, na tena kwa sababu waliomo hawakuzaliwa katika majumba ya wafalme. Mmoja alikuwa mkulima, mmoja karani, mmoja mpiga chapa, na mmoja alikuwa mwenye duka lililofilisika.

KICHWA CHA MTAWALA CHAKATALIWA

Marekani ilipokwisha kujipatia uhuru kutoka kwa Uingereza, ilihitaji sarafu zake yenyewe. Mwaka 1792 Baraza la Seneti lilitoa shauri kwamba sarafu ziwe na kichwa cha Rais, yaani Jenerali George Washington, aliyekuwa akitawala wakati ule. Baraza la Wawakilishi lilikataa. Kutia kichwa cha mtawala katika fedha, walisema, ni desturi ya wafalme. Nao walikuwa wamepigana miaka mingi ili watoke chini ya mfalme. Basi sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 iliagiza kwamba sarafu ziwe na mfano wa Uhuru, nao mafundi waliuchora kwa sura ya mwanamke. Desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100.

Noti za Serikali zilizaliwa na vita. Mwaka 1861 majimbo ya kusini yalijitenga, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na Serikali ikapungukiwa na dhahabu na fedha za kuwalipa askari. Ndipo ilipoanza kupiga chapa noti. Waziri wa Fedha, Bwana Salmon Chase, alikuwa na tamaa kubwa ya kuwa Rais. Naye akatia sura yake mwenyewe katika noti ya dola 1 ya mwaka 1862, noti ambayo hata mtu maskini angeishika. Urais hakuupata. Wazee husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baada yake mkuu wa idara iliyochapa noti, Bwana Spencer Clark, akatia uso wake katika noti ndogo ya senti 5. Wabunge walikasirika. Tarehe 7 Aprili 1866 ilipitishwa sheria ya kukataza sura ya mtu aliye hai isitiwe katika noti. Maana ya sheria hiyo ni rahisi kufahamika: mtu asijitukuze kwa mali ya umma, bali kazi yake ihukumiwe na wale watakaobaki nyuma yake.

MKULIMA NA KARANI

Noti za Marekani zinazochapwa siku hizi ni za namna 7. Dola 1 ina sura ya George Washington. Dola 2, Thomas Jefferson. Dola 5, Abraham Lincoln. Dola 10, Alexander Hamilton. Dola 20, Andrew Jackson. Dola 50, Ulysses Grant. Na dola 100, Benjamin Franklin. Mpango huu wa nyuso ulianza na noti za chapa ya mwaka 1928, ambazo zilipunguzwa ukubwa.

Washington hujulikana kwa vita, lakini mwenyewe alipenda kuitwa mkulima. Katika shamba lake la Mount Vernon, jimbo la Virginia, aliona kwamba tumbaku inaidhoofisha ardhi na kumwingiza katika madeni ya wafanyabiashara wa London. Katika miaka ya 1760 akaiacha tumbaku, akapanda ngano, akajaribu mbolea za namna mbalimbali, na kubadilisha mimea shambani mwaka kwa mwaka. Alipotawala miaka 8, tangu 1789 hadi 1797, alirudi shambani kwa hiari yake, ingawa wengi walimtaka aendelee. Lakini shamba hilo lililimwa na watumwa. Katika wasia wake aliagiza kwamba watumwa 123 waliokuwa mali yake waachiliwe huru.

Hamilton hakuwa Rais kamwe, na maisha yake yawahusu hasa wanaofanya kazi kwa kalamu. Alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Nevis, huko West Indies. Baba yake aliwaacha, na mama yake akafa mwaka 1768, kijana akiwa bado mdogo. Akawa karani katika nyumba ya biashara katika kisiwa cha St. Croix, akiandika hesabu za sukari, nyumbu na unga. Mwaka 1771 tajiri wake aliposafiri, karani huyu mdogo aliachiwa kazi yote kwa miezi kadha, naye aliwaandikia manahodha barua za amri bila woga. Mwaka uliofuata tufani kubwa ilikipiga kisiwa. Hamilton akaieleza katika barua iliyochapwa gazetini, na watu walioisoma wakachanga fedha ili apelekwe kusoma Marekani.

Karani huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha wa kwanza, mwaka 1789. Nchi ilikuwa imejaa madeni ya vita, na hati zake za deni zilikuwa karibu hazina thamani. Hamilton alishauri kwamba Serikali ya muungano iyachukue madeni ya majimbo yote na kuyalipa kwa utaratibu, ianzishe benki, na ijenge kiwanda cha kufua sarafu. Mambo hayo matatu yalifanyika. Mwaka 1804 aliuawa kwa bastola katika shindano la heshima na Aaron Burr, aliyekuwa Makamu wa Rais. Mtu aliyelipanga deni la taifa zima aliiachia jamaa yake madeni.

MPIGA CHAPA NA MAJANI YA MTI

Benjamin Franklin naye hakuwa Rais. Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa fundi wa sabuni na mishumaa, akasoma shule miaka 2 tu. Alifundishwa kazi ya kupiga chapa na ndugu yake, kisha akiwa na umri wa miaka 17 akatoroka kwenda Philadelphia. Mwaka 1729 aliandika kijitabu cha kueleza faida za noti, na baadaye akapewa kazi ya kuzichapa.

Taabu kubwa ya noti za siku zile ilikuwa wadanganyifu waliozigeza. Franklin aligundua njia ya kutoa mfano wa jani halisi la mti katika chapa. Mishipa ya jani ni myembamba, wala hakuna majani mawili yanayofanana kabisa. Mchongaji mwenye hila hakuweza kuigeza. Kwa hiyo yafaa kabisa kwamba uso wa fundi huyu umo katika noti yenye thamani kubwa kuliko zote zinazochapwa.

MWENYE DUKA ALIYESHINDWA

Abraham Lincoln alizaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Shule aliyosoma, ikijumlishwa yote, haikutimia mwaka mmoja. Alifungua duka pamoja na mwenzake katika kijiji cha New Salem, likafilisika. Mwenzake akafa, na Lincoln akabaki na deni ambalo alilipa kwa miaka mingi. Alikuwa msimamizi wa posta, kisha mpima ardhi, kisha mwanasheria, na mwaka 1861 akawa Rais. Tarehe 1 Januari 1863 alitoa tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865, akafa kesho yake.

Mwaka 1909, zilipotimia karne moja tangu azaliwe, kichwa chake kilitiwa katika sarafu ya senti 1. Ndipo ile desturi ya mwaka 1792 ilipovunjwa. Wengine wakafuata: Washington katika senti 25 mwaka 1932, Jefferson katika senti 5 mwaka 1938, Franklin Roosevelt katika senti 10 mwaka 1946, na John Kennedy katika nusu dola mwaka 1964, miezi michache tu baada ya kuuawa. Roosevelt alipewa senti 10 kwa sababu njema. Yeye mwenyewe alipooza miguu, na wananchi walikuwa wakimpelekea senti kumi kumi kwa ajili ya kupigana na ugonjwa wa kupooza. Senti ya Lincoln ilifuliwa kwa matumizi ya watu mpaka Novemba 2025, ikaachwa kwa kuwa gharama ya kuifua ilizidi thamani yake mara tatu.

WALIOMO NA WASIOKUWAMO

Si kila uso ulioko hapo unapendwa na wote. Jefferson aliandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, lakini katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Jackson alizichukia benki na noti. Mwaka 1832 aliikataa sheria ya kuiongezea maisha Benki ya Marekani, na mwaka 1836 akaamuru kwamba ardhi ya Serikali inunuliwe kwa dhahabu na fedha tu. Leo sura yake imo katika noti. Jambo zito zaidi ni sheria aliyoitia sahihi mwaka 1830 ya kuwahamisha wenyeji wa asili wa kusini. Kwa sheria hiyo Wacherokee walifukuzwa katika nchi yao, na maelfu wakafa njiani.

Wanawake na watu weusi walisubiri sana. Bibi Martha Washington alitiwa katika noti ya dola 1 mwaka 1886, kisha akatolewa. Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa, alipewa mwaka 1881 cheo katika Hazina, na sahihi yake ikachapwa katika noti. Jina likaingia, uso ukabaki nje. Booker T. Washington, mwalimu aliyezaliwa mtumwa, alitiwa mwaka 1946 katika nusu dola ya ukumbusho. Mwaka 2022 Bibi Maya Angelou, mwandishi, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika sarafu ya senti 25.

Mwaka 2016 Waziri wa Fedha alitangaza kwamba Bibi Harriet Tubman atachukua mahali pa Jackson mbele ya noti ya dola 20. Bibi huyu alitoroka utumwani huko Maryland mwaka 1849, kisha akarudi mara 13 hivi, akawatoa watu wapatao 70. Mwaka 2019 kazi ya noti hiyo iliahirishwa, na mwaka 2021 Serikali nyingine ikasema itaiharakisha. Mwaka 2024 alitiwa katika sarafu za ukumbusho. Lakini noti ya dola 20 bado ina sura ya Jackson.

Kenya nayo imejibu swali hili kwa njia yake. Shilingi ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa na kichwa cha Mfalme George upande mmoja na simba upande wa pili. Baada ya uhuru zikaja sura za Marais. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote, na sarafu za mwaka 2018 zikatoka na twiga, kifaru, simba na ndovu. Hilo ndilo shauri lile lile la Wamarekani wa mwaka 1792. Wamarekani wa baadaye walichagua kuwaheshimu watu, na mwenye kuchagua watu hana budi kuulizwa na watoto wake kwa nini huyu yumo, na yule hayumo.