Raba Hufa Ndani Kabla ya Nje

Ukitaka kujua umri wa raba za mkimbiaji wa Boito, usizitazame kwa juu. Udongo mwekundu wa Konoin huzifanya zote kuwa rangi moja baada ya siku chache, ziwe zilinunuliwa nyeupe au za kijani. Chukua moja uitazame kutoka nyuma, kisigino kikiwa usawa wa macho. Upande wa nje soli imelika mpaka michoro yake imepotea, na kiatu kizima kimeegemea huko. Sponji iliyo kati ya soli na mguu ina mikunjo myembamba iliyolaliana. Ukiibonyeza kwa kidole gumba haibonyei tena, maana imeshabonyea na kubaki hivyo. Pale kidole kidogo kinapokaa, fundi wa viatu amepitisha msharasi na uzi wa nailoni zaidi ya mara moja, na gundi ya manjano imeganda ukingoni. Muulize mwenyewe kwa nini hanunui nyingine, atakwambia hizi bado ziko sawa.

Anayesema hivyo hadanganyi. Anasema anachokisikia miguuni. Lakini utafiti uliofanywa tangu miaka 40 hivi iliyopita unaonyesha kwamba katika habari za kuchoka kwa kiatu, mguu hupata taarifa ikiwa imechelewa sana.

Boito ni wadi ya eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, kwenye miinuko ya majani chai inayopakana na Kericho. Ni nchi ya watu wanaokimbia. Kutoka Kericho alitoka Wilson Kiprugut Chuma, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Kutoka Kericho hiyo hiyo ametoka Beatrice Chebet, ambaye tarehe 25 Mei 2024 mjini Eugene, Marekani, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 29. Nyuma ya majina hayo kuna maelfu ya vijana ambao hakuna atakayewaandika, wanaopita alfajiri kwenye barabara za murram kati ya mashamba ya chai, kila mmoja na raba alizozipata kwa njia yake: za mtumba, za kaka, za zawadi.

Hebu tupige hesabu. Mwanafunzi anayekimbia kilomita 5 kwenda shule na 5 kurudi anatimiza kilomita 50 kwa wiki, na kilomita 500 kwa wiki 10, kabla hata muhula haujafungwa. Mwanariadha wa kambini, anayekimbia kilomita 160 au zaidi kwa wiki, anafika 500 hata mwezi haujaisha. Sasa weka kando ya hesabu hiyo kalenda ya mkulima. Katika nyumba nyingi za eneo hili fedha za kununua kitu kikubwa hungoja bonasi ya chai, inayolipwa mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, na miaka ya karibuni wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamepata bonasi ndogo kuliko wenzao wa pande za Mlima Kenya. Raba inakwisha kwa wiki, fedha zinakuja kwa mwaka. Yeyote atakayezungumzia mapenzi ya watu wa huku kwa viatu vyao vilivyochakaa bila kuikumbuka tofauti hiyo atakuwa anawaonea.

Lakini umaskini peke yake hauelezi yote. Wapo waliopata jozi mpya wakaiweka kwenye sanduku, wakaendelea na ile ya zamani. Ili kuwaelewa hao inabidi tuanze na sponji.

Kwa kawaida sponji hiyo ni EVA, plastiki laini yenye vitundu vidogo sana vya gesi, kila kimoja kimezibwa peke yake. Likate andazi lililoumuka vizuri utaona kitu kinachokaribiana nayo, ila vitundu vya EVA havina pa kutokea hewa. Mkimbiaji anapotua, nguvu inayopanda mguuni hufika mara mbili hata tatu ya uzito wa mwili wake. Vitundu hubanwa, gesi hukazana ndani, kisha mguu ukiinuka vinafumuka tena. Kwa mwendo wa kawaida kila mguu hutua takriban mara 400 katika kilomita moja. Kilomita 500 ni kutua mara 200,000 kwa kila kiatu, na kila mara kuta za vitundu hujikunja palepale zilipojikunja mwanzo.

Mwaka 2004 Raquel Verdejo na Nigel Mills wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha walichokiona ndani ya viatu vya aina hiyo. Baada ya kilomita 500, shinikizo la juu kabisa chini ya wayo lilikuwa limeongezeka maradufu kwa wastani. Walipoikata sponji ya kiatu kilichokimbia kilomita 750 na kuitazama kwa hadubini ya elektroni, walikuta kuta za vitundu zimekunjamana, nyingine zimetoboka. Kabla yao, mwaka 1985, Stephen Cook na wenzake nchini Marekani walikuwa wameitumia mashine kugonga viatu kana kwamba vinakimbiwa. Baada ya kilomita 80 tu viatu vilikuwa vimebakiwa na asilimia 75 hivi ya uwezo wa kupokea kishindo, na kati ya kilomita 400 na 800 vilishuka chini ya asilimia 60. Vile vilivyokimbiwa na watu wa kweli vilihimili zaidi kuliko vya mashine, lakini navyo vilishuka vivyo hivyo: haraka mwanzoni, kisha polepole.

Kipande hicho cha mwanzo nakiona muhimu kuliko vyote. Sehemu kubwa ya hasara hutokea siku ambazo kiatu bado kinang'aa. Soli haijalika, uzi haujafumuka, jirani bado anakisifia. Kufikia siku ambayo fundi anakishona kwa mara ya kwanza, sponji imeshamaliza kazi yake kitambo. Fundi hurudisha kinachoonekana, na anakirudisha kwa ustadi mkubwa, lakini hana sindano ya kuingia kwenye vitundu.

Hali ya hewa ya nchi ya chai nayo haisaidii. Mvua ya mchana ni jambo la kawaida, na raba zilizolowa huanikwa karibu na moto jikoni ili zikauke kabla ya alfajiri. EVA hulegea na kusinyaa kwenye joto kali, na gundi inayoshika soli huachia. Kuzijaza magazeti makavu na kuziweka mahali penye upepo huchukua muda mrefu zaidi, lakini hakuziui.

Basi kwa nini mwenye raba hasikii? Mwaka 2009 Pui Kong na wenzake walipima wakimbiaji 24 kabla na baada ya kukimbia kilomita 320 barabarani na viatu vilevile. Mtu angetarajia kuona mguu ukipigwa kwa nguvu zaidi kiatu kikizeeka, lakini nguvu za kutua hazikubadilika. Waliobadilika ni wakimbiaji wenyewe. Mguu ulikaa chini muda mrefu kidogo zaidi, kiwiliwili kikapunguza kuinama mbele, kifundo cha mguu kikajikunja kwa namna nyingine. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, na ni mabadiliko madogo mno kwa mtu kuyatambua. Kiatu kilipoacha kufanya sehemu yake, misuli na viungo viliipokea kimyakimya.

Hapo ndipo mazoea yanapogeuka mapenzi. Jozi mpya ikivaliwa baada ya ile ya zamani, mguu unakuta kila kitu kigeni: kisigino kimeinuka, ukingo unabana, kigodoro cha ndani hakina alama ya vidole vyake. Mkimbiaji anahitimisha kwamba mpya ni mbaya. Kwa kweli anachokisikia ni umbali kati ya kiatu kinachofanya kazi na mwili uliokwisha kujifunza kuishi bila kazi hiyo. Umbali huo ulikua hatua kwa hatua asiuone, sasa anaupata wote kwa asubuhi moja.

Wataalamu wa saikolojia wameonyesha pia kwamba kitu hupanda thamani kwa sababu tu ni chetu. Jaribio linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 1990 na Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler: waliopewa vikombe walidai bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wengine walikuwa tayari kulipa kwa kikombe kilekile. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ndivyo binadamu wote walivyo. Kisha Coren Apicella na wenzake wakaenda kwa Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, na mwaka 2014 wakatoa matokeo ambayo kila msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kuyajua. Mhadza alipewa biskuti au kiberiti cha gesi, kisha akaulizwa kama angependa kubadilisha na cha aina nyingine. Wale wanaoishi mbali walibadilisha karibu nusu ya mara, kama inavyotarajiwa kwa mtu asiyeng'ang'ania. Wale wa kambi zilizo karibu na Mangola, waliozoea watalii na biashara, walibadilisha robo tu. Ni watu wa lugha moja, desturi moja na damu moja. Kilichowatofautisha ni kuzoea soko.

Kwangu hilo linapunguza lawama. Kung'ang'ania si kasoro iliyozaliwa na mwenye raba. Ni tabia inayokua pale ambapo kitu kina bei na kukipata tena ni shida. Na raba ina zaidi ya bei. George Newman, Gil Diesendruck na Paul Bloom waliandika mwaka 2011 kwamba watu waliotamani nguo iliyovaliwa na mtu mashuhuri wanayempenda walipunguza hamu yao walipoambiwa imesafishwa kwa dawa hadi kuondoa kila chembe. Walichokitaka kilikuwa mabaki ya mtu. Viatu alivyovaa Roger Bannister mwaka 1954, siku alipokimbia maili moja chini ya dakika 4, viliuzwa London mwaka 2015 kwa pauni 266,500. Ngozi ya viatu hivyo ilikuwa nyembamba na kuukuu, isiyofaa kwa mbio yoyote. Kijana wa Boito aliyeweka ukutani raba alizoshindia mashindano ya kaunti anafanya jambo lilelile, na sababu yake ni nzuri vilevile.

Upande wa pili wa biashara hii kuna kiatu ambacho hakipati nafasi ya kupendwa. Tigist Assefa wa Ethiopia aliposhinda Berlin mwezi Septemba 2023 kwa saa 2:11:53, alivaa Adidas yenye uzito wa gramu 138, bei yake dola 500, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba imetengenezwa kwa marathoni moja na mazoezi machache ya kuizoea. Lakini hata sponji mpya za viatu vya aina hii haziwafai watu wote kwa kiwango kimoja. Utafiti wa mwaka 2023 uliowahusisha Wakenya saba wa kiwango cha dunia ulikuta kwamba, dhidi ya kiatu cha kawaida cha mashindano, kuna aliyepata nafuu ya asilimia 11.4 na kuna aliyepata hasara ya asilimia 11.3. Kijana asiyeweza kuvinunua asilie. Huenda miguu yake isingevipenda.

Tena, raba iliyokufa ndani si hukumu ya kuumia. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi vijana wa Bonde la Ufa waliokua wakikimbia pekupeku wanavyotua kwa sehemu ya mbele ya wayo na kukwepa kishindo cha kisigino. Mwili una njia nyingi. Ninachokiogopa ni mwili uliozoea kiatu, ukatua kwa kisigino miaka yote, halafu ukaachwa na kiatu hicho bila kujua. Laurent Malisoux na wenzake nchini Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, wakakuta waliokuwa wakipokezana jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39. Maelezo yao ni kwamba kila jozi huubebesha mwili mzigo kwa namna yake, hivyo hakuna sehemu moja inayochoshwa kila siku. Kwa hiyo jozi mpya isingoje ya zamani ife. Zianze kupishana mapema, na mshtuko wa asubuhi ya kwanza hautakuwepo.

Limebaki suala la kurithishana. Marehemu Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, alianza mashindano na viatu vya kuazima kwa kuwa hakuweza kununua vyake. Nchi hii ingekosa mengi kama wakimbiaji wasingepeana raba. Lakini tunapeana kinyume. Mkubwa huvaa mpaka sponji imekufa na soli imeegama, ndipo anampa mdogo wake, ambaye mifupa yake bado inakua na kifundo chake kitajifunza kuegama kama cha mwenye kiatu. Ingefaa mkubwa ampe ile iliyokimbia kilomita 200, ambayo bado ina uhai ndani. Ile aliyoshindia, iliyoshonwa na kushonwa tena, abaki nayo mwenyewe: aivae shambani, aivae kwenda kituo cha kununulia chai, au aitundike ukutani. Na siku ya kuzinunua aandike tarehe kwa kalamu ya wino chini ya ulimi wa kiatu, maana miguu haitamkumbusha.