Je, Wajua? Usiianike pasi yako
Msimbo mweusi kwenye pasi ya kupandia ndege, iwe ya karatasi au ya simu, hubeba mambo yaleyale: jina, namba ya safari, kiti, na namba ya buking yenye tarakimu na herufi sita. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuchunga. Machi 2020 Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani wa Australia, aliweka picha ya pasi yake Instagram. Mjuzi mmoja wa kompyuta akaitumia kuingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, akakuta hadi namba yake ya pasipoti! Pasi ya simu angalau si rahisi kusahaulika kwenye mfuko wa kiti kama ya karatasi. Shirika la ndege la Ryanair liliachana na pasi za karatasi Novemba 2025. Abiria wake aliyekwisha kujisajili mtandaoni, simu ikimzimikia, hupewa pasi nyingine bure uwanjani.