Bei ya Unga Si Bei ya Ugali

Kwa miaka kadhaa sasa mfumuko wa bei nchini umekaa pale ambapo watunga sera wanapapenda: wastani wa asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024, ndani ya lengo la kati ya asilimia 3 na 5. Sizikatai namba hizo. Ninachokikataa ni matumizi yake, pale afisa anaposimama mbele ya wananchi wa Arusha na kuzitoa kama ushahidi kwamba chakula cha mchana na cha usiku kinachopikwa nyumbani hakijapanda sana. Gharama ya sufuria katika jiji hili, na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, haifuati bei ya kilo ya unga wala ya mchele inayosomwa kwenye taarifa. Inafuata kipimo anachouziwa mnunuzi mdogo na moto anaopikia. Na hivyo viwili ndivyo ambavyo taarifa za kila mwezi zinavikosa au zinavitawanya.

Anza na namba ambayo maafisa wenyewe huiegemea. Katika fahirisi ya taifa ya bei za walaji inayotumika tangu 2021, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Katika fahirisi iliyotangulia uzito huo ulikuwa asilimia 38.5. Maelezo ya kitaalamu yapo na yana mantiki: uzito mpya unatokana na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, na kadiri kaya zinavyopata kipato ndivyo fungu la chakula linavyopungua katika matumizi yao. Lakini wastani wa taifa unamjumuisha mwenye nyumba ya kupangisha Njiro na kibarua wa mtaa wa Unga Limited, na uzito huo unamfaa wa kwanza kuliko wa pili. Januari 2023 mfumuko wa jumla ulitangazwa kuwa asilimia 4.9, wakati wa chakula peke yake ulikuwa asilimia 9.9. Kwa uzito wa 28.2, ongezeko hilo la chakula linachangia chini kidogo ya pointi 3 katika namba ya jumla. Kwa familia ambayo nusu ya matumizi yake yanaishia jikoni, linachangia karibu pointi 5, kabla hujahesabu kodi ya nyumba, nauli wala ada. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka ule, mchele ulipopita shilingi 3,000 kwa kilo katika miji mingi na gunia la mahindi la kilo 100 likapita shilingi 100,000, kauli kwamba mfumuko uko ndani ya lengo ilisikika jikoni kama habari ya nchi nyingine. Mtakwimu atasema fahirisi haikutengenezwa kupima maisha ya familia moja, na atakuwa sahihi kabisa. Basi isitumike kuijibu familia hiyo.

Ukitoka kwenye fahirisi ukaingia sokoni Kilombero au Soko Kuu, kilo yenyewe inaanza kupotea. Nafaka inapimwa kwa debe na sado, mboga kwa fungu, mafuta kwa kipimo. Sado ni kopo la rangi la lita 4, na kila mpishi anajua kwamba sado za meza tofauti hazilingani: moja kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, moja inajazwa kwa kilele, nyingine inafutwa na kiganja. Fungu la nyanya ndilo linalobadilika kuliko yote. Bei yake hupenda kukaa kwenye sarafu au noti iliyopo mkononi, shilingi 500 au 1,000. Nyanya zinapoadimika muuzaji habadilishi bei. Anatoa nyanya moja, kisha nyingine, kisha ndogo zinakaa chini na kubwa zinapangwa juu. Mafuta ya kupima kwenye duka la mtaani yana tabia hiyo hiyo. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani na Indonesia ikafunga kwa wiki kadhaa uuzaji wa mafuta ya mawese nje, kipimo kilipungua katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula yalikuwa yakitoka nje. Bei ya dunia ilishuka baadaye. Lita ina watu wanaoifuatilia; kipimo cha kikombe kidogo hakina, kwa hiyo hakuna namba inayombana muuzaji akirudishe kilipokuwa. Najua jibu: fungu linaweza kuwekwa kwenye mizani kabla bei haijaandikwa. Linaweza. Ila hata likipimwa vizuri, linaingizwa kwenye wastani mmoja na bei ya anayenunua kwa kilo, ilhali anayenunua kidogo kidogo kila jioni ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu, na ndiye mwenye kipato kidogo.

Mfanyabiashara mmoja wa nyanya na vitunguu anayeuza Kilombero ana malalamiko yanayostahili nafasi kubwa kuliko inayotolewa kwenye vikao vya masoko. Analaumiwa yeye kwa fungu dogo, anasema, na hakuna anayefuata mzigo ulikotoka. Nyanya zinatoka Ngarenanyuki, upande wa pili wa Meru, na wakati wa masika barabara ni tope. Tenga likikaa njiani, nyanya za chini zinabondeka na kuoza, na anayelipia zilizooza ni atakayenunua zilizopona. Vitunguu vya Mang'ola vinafungwa lumbesa. Sheria inakataa lumbesa, kila msimu hutangazwa kwamba sasa basi, na kila msimu magunia yanaendelea kuvimba mdomoni, kwa sababu tajiri anayekuja na lori na fedha taslimu kutoka Nairobi ndiye anayeamua gunia lifungwe vipi. Muuzaji mdogo mwenye matenga mawili anachukua kilichobaki. Ushuru nao ana maneno nao. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasamehe mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Afisa akiulizwa huitaja hatua hiyo kama ushahidi kwamba mzigo wa mdogo umetuliwa. Mfanyabiashara huyu anasema msamaha unaishia barabarani: getini kuna ushuru wa soko, kuna wa kushusha, kuna ulinzi, kuna choo, na hakuna hata kimoja kinachoitwa ushuru wa mazao. Hata ukikata nusu ya malalamiko hayo kwa kuwa ni ya mtu anayetetea riziki yake, kinachobaki kinatosha kueleza kwa nini bei shambani inaweza kuanguka na fungu lisiongezeke hata nyanya moja.

Kisha moto. Katika hesabu za taifa mkaa na gesi havimo kwenye chakula. Vimo katika kundi moja na kodi ya nyumba, maji na umeme. Kwa mhasibu ni sawa. Kwa mpishi ni kuikata sufuria vipande viwili na kuandika kila kipande katika daftari lake. Chukua kande, chakula ambacho ukanda huu umelelewa nacho. Kwa viambato peke yake hakuna mlo wa nafuu unaoshibisha kama huo: mahindi ya kukoboa, maharage, kitunguu, mafuta kidogo, ikiwezekana na maziwa mgando pembeni. Lakini kande inataka saa mbili, tatu za moto, na kwa anayenunua mkaa kwa kopo, moto huo unaweza kushindana na bei ya maharage yaliyomo ndani. Matokeo yake yanaonekana mitaani. Maharage yaliyokwisha kuchemshwa yanauzwa kwa kikombe mlangoni kwa jirani mwenye jiko kubwa na kuni za mabaki ya mbao, na anayenunua anaunga tu kwa dakika chache. Kwa bei ya kilo, amenunua maharage ghali. Kwa bei ya sufuria, amepata nafuu. Fahirisi yoyote itakayoangalia kilo peke yake itamwona kama mtu asiyejua hesabu, na kumbe yeye ndiye anayeijua.

Kuna njia nyingine ya kuokoa moto, nayo ina gharama isiyoandikwa popote: magadi. Chembe kidogo inalainisha maharage haraka, na kaya nyingi za kaskazini zinaitumia. Ila maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Meru, Maji ya Chai na Ngarenanyuki yakiwamo, yana floraidi nyingi kwa asili ya mlima wenyewe, na magadi ya ukanda huu huongeza juu yake. Meno ya kahawia ya watoto wa upande ule yanajulikana na kila mtu. Kuna na mifupa inayopinda. Familia inayobana mkaa kwa njia hiyo inahamisha gharama kutoka mfukoni kwenda mwilini.

Serikali inasema jibu ni nishati safi, na mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo ni jema na msitu wa Meru unalihitaji. Lakini mitungi ya ruzuku inapunguza bei ya kuanza, si ya kuendelea. Gesi inajazwa kwa mkupuo na mkaa unanunuliwa kwa kopo, na mwenye kipato cha siku anaweza kushindwa kununua kilicho rahisi kwa sababu tu hakiuzwi kidogo kidogo. Idadi ya mitungi iliyogawiwa haituambii mingapi imejazwa mara ya pili, na namba inayohitajika ni hiyo ya pili.

Wapo watakaosema tatizo ni mipango mibovu ya kaya: nunua gunia Julai au Agosti mavuno yanapoingia, peleka debe mashineni, achana na unga wa pakiti na sado ya kila siku. Ushauri huu hutolewa mara nyingi na mtu mwenye stoo. Mpangaji wa chumba kimoja Ngarenaro hana pa kuweka gunia, na akilipata mahali, dumuzi analisubiri kama hakununua mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Zaidi ya hapo fedha yake haiji kwa gunia. Mwendesha bodaboda, kibarua wa mashamba ya maua, mpagazi anayesubiri wageni wa kupanda mlima, wote wanapata leo na kula leo. Na hapa Arusha ina ugumu wake wa pekee: Aprili na Mei, utalii unapolala na wapagazi na wapishi wa kambi wanakaa nyumbani, ndiyo pia miezi ambayo mahindi ya akiba yanaelekea kwisha na tope linazuia nyanya. Kipato kinashuka sufuria inapopanda. Nyongeza ya kima cha chini cha mshahara wa serikali, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, ni ya kweli na imewasaidia walioajiriwa, lakini hawa hawamo.

Wengine wataelekeza macho mlimani na kusema Wameru na Waarusha wanalima chakula chao: mgomba, maharage, ng'ombe wa maziwa zizini, mnafu kando ya mfereji. Hoja hiyo ina uzito, na loshoro, mlo wao wa asili, katika vijiji vya Akeri au Poli bado haina risiti. Lakini mashamba yanagawanywa kila kizazi, na mkungu unaoshushwa Tengeru siku ya soko mara nyingi unauzwa ili ununuliwe unga, mafuta na sabuni. Nyumba hiyo inauza kwa bei ya shambani na kununua kwa bei ya mjini siku hiyo hiyo.

Ama Namanga, mpakani na Kenya, kilomita zipatazo 110 kutoka mjini, huko ndiko bei nyingi za Arusha zinakopangwa, na sidhani kufunga mpaka ni tiba. Serikali ilipozuia nafaka kuuzwa nje ya nchi mwaka 2017, bei ya mahindi iliporomoka na mkulima ndiye aliyeumia. Kenya ilipoyakataa mahindi yetu kwa siku chache Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, malori yalipanga foleni mpakani na aliyeumia ni huyo huyo. Mnunuzi wa sado hakuhitaji mkulima wa Babati afilisike ili yeye ale. Alihitaji mizani inayofanya kazi mezani, lumbesa inayokataliwa shambani badala ya kwenye hotuba, na mtu wa takwimu atakayepiga bei ya mlo mzima uliopikwa, wa watu sita, pamoja na mkaa wake, katika kipimo ambacho watu hao sita wananunulia. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa.

Kwa miezi ijayo, mahindi yakivunwa vizuri Kiteto, Hanang na Karatu, unga unaweza kushuka, na taarifa zitasema hivyo. Sitegemei sufuria ifuate kwa kasi hiyo. Bei kikomo za petroli na dizeli hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nauli ya mzigo huzifuata haraka zaidi inapopanda kuliko inaposhuka. Mkaa hauna dalili ya kurudi nyuma. Halafu kuna 2027, Tanzania itakapoandaa Mashindano ya Mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha imo kwenye mpango. Maafisa wanaahidi biashara, na kwa hoteli na mkulima wa mboga huenda ikawa hivyo. Yule mfanyabiashara wa Kilombero anayaona kwa jicho jingine: hoteli zitakuja Tengeru alfajiri kabla yake, na lori la Nairobi halitapunguza safari. Anadhani fungu la mwezi wa mashindano litakuwa na nyanya tatu.