Wanaoruka kwa Vazi la Mbawa

Sisi wa Malakisi tukiutazama Mlima Elgon huwaza kuupanda. Wako wanaopanda milima ili wajirushe, tena husafiri mbali kushindana! Mwaka 2012 walikutana mlima wa Tianmen, China, katika mashindano ya kwanza ya ligi yao ya dunia. Mshindi alikuwa Mwafrika mwenzetu, Julian Boulle wa Afrika Kusini.

Vazi lao lina kitambaa kati ya mikono na kiwiliwili, na kati ya miguu, mithili ya popo. Hewa huingia, kitambaa hutuna, na mrukaji husonga mbele kama meta mbili au tatu kwa kila meta moja anayoshuka. Lakini popo hutua mwenyewe. Binadamu sharti afungue mwavuli, na kwa kawaida wa akiba hana, maana ardhi i karibu mno. Si mchezo. Mwaka 2013 Viktor Kováts wa Hungaria alianguka akafa huko huko Tianmen, akifanya mazoezi.

Jirani zetu Tanzania walimpokea Mrusi Valery Rozov, aliyeruka kutoka Kilimanjaro mwaka 2015. Kule juu hewa ni nyepesi, hivyo mtu huporomoka kitambo zaidi kabla mbawa hazijamshika. Rozov alifariki Nepal mwaka 2017, akiruka.